Samaki wa Basini ya Tatu

Malori ya jeshi la Waganda yalianza kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili ilipofika, mkia wa msafara ulikuwa bado umelala mjini: kamyo, tukutuku zilizofungwa magodoro, wamama wenye mabeseni kichwani na kamba ya mbuzi mkononi. Wote walitazama barabara ya Bogoro, kule kwenye ziwa. Mtu mmoja tu alitembea kinyume chao, pembeni kwenye matope, akisema "pardon, pardon". Ni Léontine Ukumu, OPJ, polisi wa upelelezi wa mwisho aliyebaki Bunia. Wenzake wanne wa upelelezi waliondoka wiki iliyopita. Yeye alibaki na tampon ya muhuri, kalamu mbili, na ofisi isiyo na mlango.

Alikuwa anakwenda Ngezi, kwenye fabriki ya mazutu, dizeli inayopikwa kwa mawese. Mtu mmoja alikuwa amekufa huko, na mwingine angekufa saa sita.

Mlangoni mwa fabriki Komanda Masasi alikuwa amekalia bidon ya mafuta, anamenya karanga. Kundi lake ndilo lililoshika mtaa tangu Waganda waanze kufunga mizigo.

"Mama OPJ! Weye haukimbie?"

"Nikimbie na nini? Mazutu yote iko kwako."

Askari wake walicheka. Masasi naye alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Mualimu Étienne amekufa. Tulimukuta Fabien, ule mutu wa basini, ndani ya maji, anamukumbatia. Samaki nazo zimekufa. Ni sumu. Sasa unatafuta nini?"

"Natafuta kuandika PV ya hiki kifo."

"Karatasi."

"Karatasi. Hata weye siku moja utatafuta karatasi ya kusema haukuua mutu."

Masasi alitema ganda. "Saa sita. Ukiniletea mutu mwingine, mutu wa mifupa, si karatasi, nafungua Fabien. Ukikosa, hiyo dosié naifunga mimi. Batu banangojea."

Watu aliowasema walikuwa nje ya ukuta, kama arobaini hivi. Fabien alitoka Djugu, upande ambao mtaa ule haukuutaka. Hawakuuliza mengine.

Walikuwa wamemfungia katika depo ya zamani ya sabuni, mikono nyuma, kamba ya nailoni. Mtu mwembamba wa miaka hamsini, nguo bado zimelowa, meno yanagongana. Léontine alichuchumaa mbele yake.

"Papa Fabien, niambie kazi yako. Usianze na mualimu. Anza na kazi."

"Kazi yangu ni maji, mama."

"Maji gani?"

Akaeleza, na kadiri alivyoeleza meno yaliacha kugongana. Mawese yanapikwa pamoja na chokaa ndani ya mapipa, moto mkali, mpaka yanatoa moshi. Moshi unapita katika bomba lililolazwa ndani ya maji baridi, unageuka matone, kama vile wamama wanavyotoa pombe ya lotoko. Matone yanaanguka ndani ya pipa. Juu yanakaa mazutu. Chini yanakaa maji.

"Ile maji njo mubaya," alisema Fabien. "Iko chachu, inanuka, ukiimwaga kwa majani, majani inakufa. Zamani walikuwa wanatupa mu kijito. Mualimu alipofika kuongoza kazi alisema hapana, chini kule kuna kambi ya wakimbizi, banakunywa. Tukachimba basini tatu. Ya kwanza ya chokaa, inaua uchachu. Ya pili iko na muchanga, makala ya kuni na matete. Ya tatu, samaki. Samaki zikiishi, maji iko muzuri, tunairudisha juu kupozesha bomba. Maji inazunguka tu. Haitoke inje hata kopo."

"Na ukitaka kujua kabla ya samaki kufa?"

"Kitambaa." Alijaribu kuonyesha mfuko wake kwa kidevu. "Mualimu alipika maua ya ngai-ngai, ile nyekundu, akatia vitambaa ndani, akakausha. Ukichovya mu maji chachu inakuwa nyekundu kama pilipili. Maji muzuri, inabaki bleu-bleu. Mu chokaa inakuwa kijani, halafu njano. Ikishakuwa njano hairudi tena, hata uioshe."

Léontine alitoa kikopo cha maziwa kilichokuwa mfukoni mwa Fabien. Ndani mlikuwa na vipande kumi hivi vya kitambaa cha zambarau, vikavu.

"Asubuhi ulifanya nini?"

"Nilikuja kuhesabu samaki. Nahesabu kila siku. Nikaona saba zimelala tumbo juu. Nikaona shati. Nikaingia kumutoa, na wao njo wakanikuta."

"Mulipigana na mualimu siku ya posho. Watu walisikia."

"Tulipigana juu ya chokaa! Nilisema inaisha, atafute ingine. Alisema atasimamisha mapipa mpaka basini ya kwanza ishuke, ilikuwa imejaa mupaka mudomo. Njo akasimamisha. Mama, mutu anaweza kuua mutu juu ya chokaa?"

"Nyoosha mikono."

"Imefungwa."

Akamzungusha, akaitazama. Mikono mizima, ya mtu wa kazi, imekunjamana kwa maji. Haina jeraha.

"Ukiingia mu basini ya chokaa unafanya nini kwanza?"

Fabien alimtazama kama mtu aliyeulizwa mvua inatoka wapi. "Najipaka mawese mupaka hapa." Alisema *hapa* bila kuweza kuonyesha, na yeye mwenyewe akaona. "Mupaka kwa bega. Siye wa maji, wote. Chokaa inakula mutu."

Basini zilikuwa zimepangwa juu ya mteremko, moja chini ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa hatua kumi tu kutoka kwenye mapipa ya kupikia. Ya tatu ilikuwa chini kabisa, karibu na kibanda cha Fabien. Léontine alichovya vipande vitatu, kimoja kimoja. Ya kwanza: kijani, na kabla hajahesabu mia moja, njano. Ya pili: bleu. Ya tatu: bleu pia, na ukingoni kijani kidogo sana. Samaki saba waliokufa walikuwa wametupwa kwenye majani. Wengine walikuwa wanaogelea.

Basini ya kwanza haikuwa imejaa mpaka mdomo. Ilikuwa imeshuka urefu wa mkono. Alama ya maji ilibaki kwenye ukuta, nyeupe, bado mbichi. Pembeni palikuwa na vane ya chuma, mlango wa maji ya kwenda kijitoni. Mnyororo wake ulikuwa umekatwa, na chini palikuwa na kifuli kipya kisichofungwa, ufunguo bado ndani.

"Unatafuta kuoga, mama OPJ?"

Alikuwa Gaël, mkubwa wa mapipa, kijana wa miaka thelathini, amevaa gant za kazi mikononi. Alimpa kiwiko amsalimie.

"Samahani. Mikono iko na mawese."

Léontine akashika kiwiko. "Mulifanya kazi jana?"

"Jana ilikuwa siku ya Mungu."

"Na leo?"

"Leo nani atafanya kazi? Patron anakimbia, mualimu amekufa, Fabien anangojea saa yake. Mimi naenda kusindikiza bibi na batoto, niko na fasi yao kwa kamyo." Alitazama samaki kwenye majani. "Yule muzee nilimupendaka. Lakini bale batu, mama, utabajua lini?"

"Kweli," alisema Léontine. "Nenda, usichelewe."

Gaël alipoondoka, Léontine aliweka kiganja juu ya pipa la kwanza la kupikia. Baridi. La pili, baridi. Majivu chini yake yalikuwa na umande. Akainama, akatia kidole ndani ya majivu ya pipa la tatu mpaka kwenye kifundo. Chini kabisa palikuwa na uvuguvugu.

Siku ya Mungu, lakini moto uliwaka.

Mjane wa mualimu, Brigitte, alikuwa na wamama wawili nyumbani, maiti chini ya shuka. Hakulia. Alizungumza kama mtu anayesoma orodha.

"Nilimuosha mara tatu, anateleza tu. Kama sabuni. Na macho yake, mama, meupe. Mutu aliyezama mu maji ya samaki anatelezaka hivyo?"

"Hapana."

"Nilijua. Niliwaambia, wakasema nimechanganyikiwa."

"Alitoka saa ngapi?"

"Jioni, jua bado iko. Kuna mama wa kambi alikuja kusema maji ya kijito inanuka, batoto banatapika. Étienne akachukua kifuli kile tulinunua juu ya mlango wetu. Akasema, narudi sasa hivi."

"Shati yake?"

Brigitte aliileta. Nyeupe, ya kwenda misani. Léontine aliitandika kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akatazama kwapa, mgongo, kola. Chokaa ilikuwa imekauka kwenye mishono. Kola ilikuwa imechanika mahali paliposhikwa. Doa jekundu hakuna hata moja.

"Uliifua?"

"Sijaigusa. Hata ningeifua, unatafuta doa gani?"

"Ya mawese."

"Mawese haitokake mu nguo nyeupe," alisema mjane, na mama mmoja akaitika, "Hata na nini."

Katika mfuko wa kifua palikuwa na kitambaa kidogo, kimeshikana na uzi. Kilikuwa njano.

Léontine alikaa juu ya kiti, akaandika, akisema maneno kwa sauti ndogo kama kawaida yake. Kitambaa njano: alizama katika basini ya kwanza. Alikutwa katika ya tatu: alipelekwa. Nguo zake zilibeba chokaa: ndiyo iliyoua samaki saba, si sumu. Aliyemtoa kwenye chokaa aliingiza mikono mpaka begani. Kama alijipaka mawese, angeacha vidole vyekundu juu ya shati. Hakuacha. Basi hakujipaka, na chokaa imemla. Fabien hakuacha mawese juu ya shati, na hana jeraha juu ya mikono. Hakumtoa yeye.

Akapiga mstari chini. Ilikuwa saa nne na nusu.

Patron wa fabriki, Katsuva, mfanyabiashara wa Butembo, alikuwa katikati ya msafara ndani ya pikapu yake, madirisha yamefungwa. Alikusudia kuvuka ziwa, azungukie Uganda, aingie kwao kwa Kasindi. Léontine aligonga kioo. Katsuva alipokishusha, mkono wake wa kuume ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Toa hiyo bandeji, patron."

"Mama Léontine, kweli? Katikati ya barabara?"

"Magari haiendi. Toa."

Alitoa, akiuma meno. Bati ndilo lililomkata. Mkato mmoja mrefu, mwekundu, uzi wa daktari ndani yake, na kidonda kilikuwa kimeanza kufunga. Kati ya vidole ngozi ilikuwa nzima.

"Ijumaa, nikitoa mabati ya depo," alisema Katsuva. "Uliza docteur. Ulizania nilimuua Étienne? Yule njo alinifanya nisilale na aibu."

"Jana moto uliwaka mu fabriki. Mazutu ya Waganda ilitoka wapi?"

"Ile pipa kumi na mbili? Gaël aliwapa asubuhi. Hata mimi nilishangaa. Étienne alisimamisha kazi siku ya posho, basini imejaa. Ukipika pipa kumi na mbili unatoa maji mingi. Nilimuuliza Gaël: maji umeiweka wapi? Akasema, usijali, patron."

"Na haukujali."

Katsuva alianza kujifunga bandeji. "Leo, mama, nani anajali maji?"

Kamyo ya mwisho ya Waganda ilikuwa imesimama mbele ya soko, injini inawaka. Moshi wake haukunuka mazutu ya kawaida. Ulinuka mawese yaliyoungua, na njia nzima ilinukia kama jikoni. Gaël alikuwa amesimama mguu mmoja chini, mmoja kwenye ngazi. Juu, kati ya mifuko, alikaa mke wake Vanessa na watoto watatu. Mdogo alikuwa ameshika kola ya baba yake.

"Gaël, nisalimie."

Akatoa kiwiko.

"Mkono."

"Mama, nilikuambia iko na mawese."

"Mapipa iko baridi tangu asubuhi. Mawese ya wapi? Toa gant."

Hakutoa. Léontine alizivuta mwenyewe, taratibu, kwa sababu watoto walikuwa wanatazama. Mtu wa mapipa ana alama za moto siku zote, malengelenge na makovu meusi, na Gaël alikuwa nazo. Lakini juu ya hizo, kutoka kwenye kucha mpaka mikono ya shati ilipoishia, ngozi ilikuwa nyeupe, kavu, imepasuka kama udongo wa kiangazi, na kati ya vidole ilionekana nyama.

"Hii si moto," alisema Léontine.

"Hapana."

"Eleza."

Aliongea akiangalia tairi. "Muganda alisema pipa kumi na mbili, fasi tano mu kamyo. Mualimu alisema maji haina fasi. Nikakata munyororo, nikafungua vane, nikapika. Jioni akakuja na kifuli yake. Nikamuambia, mualimu, ni siku moja tu, maji itapita na kesho itakuwa safi. Akasema, kesho ya nani? Nikamusukuma. Kumusukuma tu. Akateleza ndani. Nilizania atatoka. Hakutoka. Nikaingiza mikono."

"Juu ya nini ulimupeleka chini?"

"Kule ni maji muzuri. Nilisema, maji muzuri itamuosha."

"Na Fabien?"

Gaël alitazama juu, kwa watoto, halafu chini tena.

"Fabien hana mutu mu kamyo."

Dereva alipiga honi. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

"Masasi hataki karatasi," alisema Léontine. "Anataka mutu. Na mimi sina pingu, sina bunduki. Ukipanda sitaweza kukushusha."

Vanessa aliuliza kutoka juu kuna nini. Gaël alimwambia kuna kazi kidogo ya patron, watangulie, atawafuata na tukutuku. Alikifungua kidole kimoja kimoja cha mtoto kutoka kwenye kola yake. Hakuweza kumbeba kwa mikono ile, kwa hiyo alimsukuma kwa paji la uso mpaka mtoto akakaa. Kamyo ikaondoka. Alisubiri mpaka ikapita kona.

"Twende, mama."

Walitembea pamoja kurudi Ngezi, kinyume cha watu. Waliokutana nao walidhani ni mama na mtoto wake waliosahau kitu nyumbani.

Njiani Léontine aliandika PV juu ya ukuta wa shule, na Gaël akatia kidole, kwa sababu kalamu hakuweza kuishika. Walifika mlangoni saa sita kasoro dakika kumi. Masasi alisoma mikono ya Gaël, hakusoma karatasi.

"Huyu ni wetu," alisema.

"Ulisema mutu wa mifupa. Haukusema wa nani."

Masasi alitupa ganda la mwisho la karanga.

"Mufungue Fabien," alisema. "Nani atanisafishia maji, kama si yeye?"

Léontine aliomba Gaël akalale kwenye kasho, mahabusu ya ofisi, mpaka parke, waendesha mashtaka, irudi kufanya kazi. Masasi alisema ndiyo.

Gaël alipigwa risasi siku hiyo hiyo saa tisa, nyuma ya depo ya sabuni. Vanessa na watoto walivuka ziwa, na habari zilimfikia baada ya miezi minne. Aliyemletea alisema ni risasi iliyopotea. Katsuva alifika Butembo, anauza mabati. Brigitte alimzika mume wake uani, kwa kuwa njia ya makaburi ilikuwa imefungwa, akaweka kifuli kile kwenye mlango wake. Fabien alisafisha maji siku tisa, na ya kumi akatoka kwa miguu, akapita mji wa Komanda, Mambasa, Epulu, mpaka Niania, ambako anauza chumvi. Masasi alikimbia kundi jingine lilipoingia mtaani, akafa kwa malaria akiwa na viatu vipya. Ofisi isiyo na mlango iliungua mwezi uleule, na PV namba arobaini na moja ndani yake, kitambaa cha njano kimebanwa kwa pini kwenye ukurasa wa pili. Léontine yuko kwao Mahagi.

Kundi jipya liliwasha mapipa kabla halijaweka hata bendera. Hawakuwa na mtu wa maji. Walikula samaki, wakafungua vane, wakaiacha wazi. Katika kambi ya chini walikufa watoto kumi na mmoja kwa majuma mawili. Infirmier, muuguzi wa kambi, aliandika kuhara. Hakuna aliyefungua dosié.